Mungu wa Siku za Kazi

 

Nimeombwa niseme juu ya urafiki wa kila siku na Mungu. Nimeitikia wito huu kwa moyo mkunjufu, maana ni jambo linalonigusa kuliko mengi ninayoitwa kuyasemea. Makanisani tumefundishwa mengi. Tunajua kufunga, kukesha, kutoa fungu la kumi na kuimba kwa sauti nne. Makongamano hayatupiti, na mkutano wa injili ukitangazwa uwanjani tunafika na familia nzima. Lakini mwulize Mkristo wa kawaida: Jumanne saa nne asubuhi, ukiwa kwenye foleni ya zahanati au nyuma ya meza ya duka, wewe na Mungu mnazungumza nini? Wengi watakaa kimya. Kumpenda wanampenda, ila hakuna aliyewaonyesha njia.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mungu ametufaa kwa dhiki. Mtoto akipandisha homa usiku wa manane, kesi ya kiwanja ikifika mahakamani, matokeo ya kidato cha nne yakikaribia, magoti yetu hayangoji kukumbushwa. Methali hiyo inatufundisha kumtambua rafiki. Kumtunza ni somo jingine. Anayemtafuta rafiki yake wakati wa shida tu ataujua msaada wake, lakini yeye mwenyewe hatamjua.

Katika nyumba zetu mgeni huketishwa sebuleni. Mtu wa nyumbani hupita moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria, akaona kama leo kuna kitoweo au ni ugali na chumvi, wala hakuna anayeona haya. Wengi wetu tumemketisha Mungu sebuleni. Tunamvalia nguo nzuri, tunampa maneno mazuri, kisha tunamsindikiza mpaka Jumapili ijayo. Ninalotaka kulisema jioni hii ni hili: urafiki na Mungu hukulia jikoni, yaani katika kazi, uchovu, hesabu na magomvi ya siku za kawaida. Ibada kubwa huulisha urafiki huo, lakini haziwezi kushika nafasi yake.

Urafiki ulioanzishwa na Mungu

Wako wanaosema kwamba kumwita Mungu rafiki ni kumkosea adabu. Hofu yao naiheshimu, lakini Maandiko yametutangulia. Ibrahimu anatajwa kuwa rafiki wa Mungu mahali patatu: 2 Nyakati 20, Isaya 41 na Yakobo 2. Katika Kutoka 33, mazungumzo ya Mungu na Musa yanalinganishwa na ya mtu na rafiki yake.

Someni Mwanzo 18 polepole. Ni mchana wa jua kali, na Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema yake penye mialoni ya Mamre. Wageni watatu wanatokea. Mzee anakimbia kuwalaki, anamhimiza Sara akande vipimo vitatu vya unga, anachagua ndama laini, anawaandalia siagi na maziwa, kisha anasimama karibu nao chini ya mti wakati wanakula. Mungu alifika watu wakiwa na shughuli zao, na Sara akaingia kazini na unga. Baada ya chakula ndipo Mungu anaona haifai kumficha Ibrahimu anachokusudia juu ya Sodoma. Naye Ibrahimu anaanza kuutetea mji ule. Je, wakipatikana wenye haki 50? Na wakiwa 45? 40? 30? 20? Anashuka hadi 10, na njiani anakiri kwamba yeye ni mavumbi na majivu.

Hapo tunapata mambo matatu. Kwanza, ukaribu haukumwondolea Ibrahimu adabu; kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kunyenyekea. Pili, rafiki huambiwa mambo. Tatu, Ibrahimu hakuutumia ukaribu ule kujiombea ng'ombe wala visima. Aliutumia kuwaombea watu wa mji mwingine, tena mji wenye sifa mbaya.

Usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, kama Yohana 15 inavyosimulia, Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba kuanzia pale walikuwa rafiki zake, si watumwa tena, kwa sababu alikuwa amewaarifu yote aliyoyasikia kwa Baba. Akaufungamanisha urafiki huo na kuzishika amri zake. Kwa hiyo utii na urafiki havigombani. Tena kumbukeni aliwaambia akina nani. Usiku uleule watu wale walimkimbia, na mmoja akamkana mara tatu. Yesu alijua hayo, na bado akawaita rafiki. Urafiki huu hauanzii kwenye ustahili wetu.

Bruda wa jikoni

Mtu mmoja aliyeliishi jambo hili waziwazi alikuwa mpishi. Jina lake la kuzaliwa ni Nicolas Herman, mtoto wa familia maskini wa mwanzoni mwa karne ya 17, huko Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Ujanani alikuwa askari wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa, na mguu ukamsumbua mpaka uzeeni. Baadaye alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja, na mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono, akivunja kila kitu. Mwaka 1640 watawa Wakarmeli wa Paris walimpokea awe bruda, wakampa jina la Lawrence wa Ufufuko. Hakuwa padre wala msomi. Wakampangia jikoni.

Kinachonivutia kwake ni kwamba kazi ya jikoni hakuipenda. Alisema wazi kuwa kwa tabia yake aliichukia. Hata hivyo aliifanya kwa miaka ipatayo 15, kwa namna moja: kila alichokigusa alikigusa kwa ajili ya Mungu, akiongea naye. Aligeuza kimanda kikaangoni kwa kumpenda Mungu. Kimanda kikiiva, na hana kazi nyingine, aliinama sakafuni amsujudie, kisha akainuka kuendelea na kazi. Alipotumwa Burgundy kununua divai ya nyumba yao, mguu ule ulimtesa. Ndani ya mashua hakuweza kusogea ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ile ni ya Mungu mwenyewe, akaendelea, na mambo yakaenda vizuri. Mwishowe alihamishiwa kwenye kutengeneza viatu vya watawa, akaendelea vilevile.

Alikiri kwamba, kwake, saa ya sala na saa ya kazi hazikutofautiana. Jikoni palipokuwa na kelele, watu kadhaa wakimwita kwa wakati mmoja na kila mmoja akitaka lake, amani yake ilikuwa ileile aliyokuwa nayo akipiga magoti kanisani. Alifariki tarehe 12 Februari 1691. Padre Joseph de Beaufort, aliyewahi kukaa naye na kumhoji, alikusanya barua na mazungumzo yake, na kijitabu kilichotokana na hayo kimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa zaidi ya miaka 300.

Bruda Lawrence hakupewa siku yenye saa nyingi kuliko zetu. Hakungoja apate kazi anayoipenda ndipo amkaribie Mungu. Alimkaribia akiwa ndani ya kazi aliyoichukia.

Basi na mama lishe wa kwetu anaweza. Saa kumi alfajiri anawasha jiko la mkaa, anamimina unga wa ngano kwenye beseni, anakanda huku akipiga hesabu kichwani: mkaa, mafuta, ada ya mtoto, marejesho ya kikoba. Kujifungia chumbani nusu saa hawezi. Lakini chapati ina pande mbili, na kati ya upande na upande kuna nafasi. Akisema moyoni, "Bwana, watakaokula hapa leo ni wako, nisiwapunje," amesali. Akimtaja yule kijana wa bodaboda aliyekula jana bila kusema neno, uso umeinama, amesali tena. Jua likichomoza ameshaongea na Mungu mara nyingi, wala hajaunguza chapati hata moja.

Mambo manne ya kushika

Ili tusiondoke na maneno matamu tu, nataja mambo manne ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyaanza.

La kwanza ni kuwa na saa maalumu. Anayesema "mimi naongea na Mungu muda wote" na hana hata dakika kumi alizomtengea ajichunguze. Danieli alikuwa mkubwa serikalini, mwenye mafaili na maadui, na alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Marko 1 inatuonyesha Yesu akiamka kabla ya mapambazuko kwenda kuomba mahali pasipo na watu, baada ya jioni nzima ya kuponya wagonjwa waliojazana mlangoni. Kwetu sisi mshindani mkubwa wa saa hiyo ni simu. Ukifungua makundi ya WhatsApp kabla hujamsalimu Mungu, umeshawapa watu mia moja zamu yake, na wengine wamekuja na majungu. Simu ilale mbali na kitanda. Dakika kumi za alfajiri, palepale ulipo, zinatosha kuanzia.

La pili ni sala fupi za katikati ya kazi. Mwalimu wetu hapa ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Mfalme anamwona ana huzuni usoni, anamwuliza anataka nini. Kati ya swali la mfalme na jibu lake, Nehemia aliomba. Hakuna aliyemwona akiomba. Pengine sala yenyewe haikuzidi pumzi moja. Lakini soma sura inayotangulia: tangu mwezi wa Kisleu alikuwa akifunga na kulia mbele za Mungu, na siku ya kuulizwa ilikuwa mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye. Sala ile ya pumzi moja ilikuwa na miezi minne nyuma yake. Ndiyo maana haya mawili, saa maalumu na sala fupi, huenda pamoja. Muuguzi anapobadilisha zamu, dereva anapongoja taa, karani anapoitwa ofisini kwa mkubwa wake, "Bwana, nisaidie niseme kweli" inatosha.

La tatu ni Neno. Tumesema rafiki huambiwa mambo, na haambiwi asiyesikiliza. Wengi tunasoma Biblia kama anayetafuta risasi za kumpiga jirani, au tunarukia mstari mmoja wa ahadi na kuuacha ule wa amri. Chukua Injili ya Luka, yenye sura 24. Soma kisa kimoja tu kwa siku, usome mara mbili, ujiulize: Yesu anamtendeaje mtu huyu? Anafurahia nini? Anakasirikia nini? Nenda nacho kazini. Ukifika mwisho wa kitabu utakuwa unamjua Bwana kwa tabia yake, hutategemea tena kusimuliwa.

La nne ni ukweli. Rafiki huwezi kumwambia "sijambo" kila siku na moyo unavuja. Kati ya Zaburi 150, za malalamiko ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila shukrani wala ushindi, na bado imo ndani ya Biblia. Hana, mama yake Samweli, aliomba hekaluni midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Alimweleza Mungu uchungu wa kutopata mtoto na uchungu wa kusimangwa na mke mwenzake. Mwambie Mungu kwamba umechoka. Mwambie unamwonea wivu mwenzako aliyejenga. Mwambie una hasira naye kwa msiba ule. Anajua tayari. Kinachobadilika ni kwamba sasa jambo hilo liko wazi kati yenu, na linaweza kushughulikiwa.

Siku kavu na siku za kuanguka

Mtu atauliza: nikifanya yote hayo na nisihisi kitu? Swali hili linawaumiza Wakristo wengi kimyakimya, hasa katika makanisa yanayopima uwepo wa Mungu kwa machozi na msisimko. Bruda Lawrence aliandika kwamba miaka kumi ya mwanzo aliteseka sana rohoni, na kwa kipindi fulani aliamini kabisa kwamba amekwisha kupotea. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, ulimwengu ulishangaa kukuta kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu aliyekuwa akimtumikia kila siku kwa wagonjwa na maskini. Wote wawili hawakuacha. Waliamka, wakasali, wakafanya kazi. Hisia ni zawadi inayokuja na kwenda. Uaminifu ndio unaoshikilia urafiki. Na anayepita kwenye ukavu huo asiambiwe na mtu yeyote kwamba ni lazima ana dhambi iliyofichika.

Dhambi ikiwapo kweli, nayo ina njia yake. Yohana 21 inasimulia asubuhi moja kando ya ziwa. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha, wavu mtupu. Yesu aliyefufuka yuko ufukweni. Anawaelekeza pa kutupa wavu, wanapata samaki wakubwa 153, na wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Amewapikia. Petro aliwahi kuota moto wa makaa usiku mwingine, uani kwa kuhani mkuu, na pale ndipo alipomkana Bwana wake. Yesu anamlisha kwanza. Kisha anamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu anamkabidhi kondoo. Hamfichi kosa lake na hamfukuzi. Kwa hiyo ukianguka, usikae wiki tatu ukimkwepa Mungu kwa aibu mpaka Jumapili ya Meza ya Bwana. Rudi siku hiyohiyo. Tubu, tengeneza ulichoharibu, endelea na kazi.

Kipimo chake ni jirani

Nimebakiwa na neno moja zito. Urafiki na Mungu unaotufanya tusivumilike nyumbani una kasoro. Waraka wa kwanza wa Yohana hauna mzunguko: asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kudai anampenda Mungu asiyemwona.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kuonyeshwa jambo hili katika historia yetu. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na amekata tamaa. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ya kiroho kama yake, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ukaenea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama zake zilionekana kwa macho. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Waume waliwaomba radhi wake zao. Mzungu na Mwafrika, ambao kwa mazoea ya wakati ule walikuwa bwana na mtumishi, waliungamiana makosa yao. Kila wiki walikutana katika vikundi vya ushirika, wakiita hali hiyo kutembea nuruni: hakuna kuficha, kwa Mungu wala kwa ndugu. Na vita vya Mau Mau vilipoikumba Kenya, wako miongoni mwao waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali. Baadhi waliuawa. Chuki waliikataa, na gharama yake wakailipa.

Hapo ndipo tujipime. Msichana anayekusaidia kazi za nyumbani analipwa kwa wakati? Mke wako akisikia unaomba hadharani, anaitikia amina kwa moyo au kwa mazoea? Mizani ya dukani kwako ni sawa? Majibu ya maswali hayo yanasema mengi zaidi juu ya urafiki wetu na Mungu kuliko sauti zetu kwenye mkesha.

Ndugu zangu, kesho ni Jumatatu. Kila mmoja wetu ana kazi moja ambayo haipendi: kufua, kusahihisha madaftari, kupokea simu za wateja wakali, kumwogesha mzazi mgonjwa, kuandika ripoti. Nawaomba mwanzie hapo. Kabla ya kuishika kazi hiyo, mwambie Mungu kwa maneno yako mwenyewe kwamba unaifanya pamoja naye na kwa ajili yake, na ukiimaliza, mshukuru. Fanya hivyo mpaka Jumamosi, na usimtangazie mtu. Huhitaji semina nyingine ili uanze, wala huhitaji kungoja uwe mtakatifu kwanza, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza urafiki huu.